Sauti Iliyoibwa: Kisa cha Kware, Mlingoti na Spika

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja magharibi mwa Kenya, nami nilikuwemo kama katibu wa kikundi cha mazingira. Nimeondoa majina ya watu, kijiji, mto na kikundi chenyewe, na nimegeuza mambo madogo madogo ambayo yangemfanya jirani aseme, "Huyu ni fulani." Ninawaandikia hasa wanavikundi wenzangu wanaoishi na kware, kwale au kanga kandokando ya mashamba. Tulikosea zaidi ya tulivyopatia, na sitaki mwingine arudie makosa yale yale huku ndege wakilipa.

Mahali, na ndege mwenyewe

Kijiji kiko katika ukanda wa miwa, upande ambao Waluhya na Wajaluo wameoana na kuuziana vitu kwa vizazi vingi. Kwa hiyo ndege huyu ana majina mawili katika soko moja: huyu anaitisha isindu, yule anaitisha aluru, na wote wanapewa kitu kimoja. Mimi nitasema kware. Ila msomaji asimchanganye na kware wa kufugwa, yule ambaye mayai yake yaliwapagawisha Wakenya mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 kabla bei haijaanguka na kuwaachia watu vizimba vitupu. Yule asili yake ni Asia ya Mashariki. Wetu ni kware wa porini wa Afrika, na hana makao ya kudumu.

Ni ndege mdogo, hazidi gramu mia. Dume ana koo jeupe lililochorwa alama nyeusi mfano wa nanga, kifua cheusi, na ubavu wa rangi ya udongo mwekundu ulioloa. Jike ana rangi ya majani makavu, na akilala chini unaweza kumkanyaga kabla hujamwona. Hufuata mvua. Husafiri usiku, makundi kwa makundi, na wiki ile nyasi zinapoanza kutoa mbegu utamsikia kila mahali. Miezi michache baadaye hayupo, na hakuna anayeweza kukuambia amekwenda wapi. Chakula chake ni mbegu za nyasi, mchwa na wadudu wengine.

Kiota ni kishimo tu ardhini chenye majani machache, chini ya kichaka cha nyasi. Jike hutaga kwa kawaida mayai manne hadi manane, na huatamia peke yake kwa siku 14 hadi 18. Vifaranga hutoka kiotani wakitembea. Tafadhali msomaji azishike siku hizo, kwa sababu kisa chote kinazungukia hapo.

Mashamba yanayompendeza ni yale yaliyoachwa yapumzike: nyasi za magotini, magugu ya mbegu, ardhi isiyoguswa msimu mmoja au miwili. Miwa iliyokomaa haimfai, maana chini yake ni giza na hakuna mbegu. Ardhi inavyogawanywa kwa wana na wajukuu, mashamba ya kupumzika yanapungua. Pale kijijini yalikuwa yamebaki matatu ya maana, yote upande wa mto.

Mlingoti wa Mzee

Mtegaji mkongwe wa pale ni mzee wa miaka sabini na kitu. Nitamwita Mzee tu. Alifunzwa na babake, na vitu vyake vyote alijitengenezea mwenyewe.

Mlingoti ni mti mwembamba, mrefu kushinda paa la nyumba mara mbili. Kutoka chini hadi juu umefungwa vitundu vya fito vilivyosukwa, na kila kitundu kina dume mmoja. Hawa tuwaite waiti. Jioni mlingoti unasimamishwa katikati ya shamba la nyasi. Kuuzunguka, Mzee amefyeka vijia vyembamba, kila kimoja upana wa kiganja, na katika kila kijia kuna kitanzi cha nywele za mkia wa ng'ombe kilichofungwa kwenye kijiti.

Giza likiingia waiti huanza, na kuelekea saa kumi alfajiri huita kwa kushindana. Kware wanaopita juu husikia. Kwa ndege anayesafiri gizani akitafuta pa kutua, sauti za wenzake ni habari kwamba hapa kuna nyasi, mbegu na wa kuoana nao. Hatui kwenye mlingoti. Hutua kando, kisha hutembea, kwa sababu kware hupenda miguu yake kuliko mabawa, na mwenye kutembea ndani ya nyasi ndefu hufuata njia iliyo wazi. Shingo inaingia kwenye kitanzi.

Waiti walikaa jikoni kwa mke wake mchana kutwa. Mama huyo aliwalisha wimbi, na kumbikumbi wakati wao. Alisema moshi unawafukuzia utitiri. Asubuhi njema Mzee alipata ndege saba au wanane, na asubuhi nyingi alipata wawili. Aliniambia pia jambo ambalo wakati huo sikulipa uzito: babake alimwachia agizo kwamba siku ukipasua jike ukakuta yai, siku hiyo unashusha mlingoti hadi msimu ujao. Sijui kama watega wote wa zamani walilifuata. Yeye alilifuata, na majirani walinithibitishia.

Sheria nayo iseme neno lake. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumkamata au kumfuga ndege wa porini bila kibali. Mzee hakuwa na kibali. Kijiji kizima kilijua anachofanya, na hakuna aliyewahi kulisema kama kosa, hata sisi wa kikundi. Hilo nitalirudia.

Kilichotokea

Kijana wa miaka ishirini na miwili, mjukuu wa ndugu yake Mzee, ni mwendeshaji wa bodaboda mwenye mkopo wa pikipiki. Mvua za mwaka ule ziliharibu barabara na wateja wakapungua. Aliona Mzee akiuza ndege sokoni, akapiga hesabu.

Kwanza alipakua sauti ya kware kwenye intaneti, akaunganisha simu na spika ya kuchaji, akaiweka juu ya kisiki usiku kucha. Hakupata kitu. Ninavyodhani ilikuwa sauti ya kware wa aina nyingine, na hawa wetu hawakuitambua. Kijana hakukata tamaa. Usiku wa pili saa kumi alfajiri alikwenda nyuma ya ua wa Mzee, akanyoosha simu juu ya uzio, akamrekodi mwiti aliye juu kabisa ya mlingoti. Dakika tatu zilimtosha. Akaziweka zijirudie.

Asubuhi ya kwanza ya sauti hiyo alipata zaidi ya arobaini. Baada ya siku mbili alipata sitini na mmoja, akawafunga miguu watatu watatu na kuwapeleka sokoni ndani ya gunia. Alilipa awamu ya mkopo. Ninataja hilo kwa sababu katika mikutano yetu watu walimzungumzia kama mwizi au mlafi, na hakuwa hivyo. Alikuwa na deni na akili.

Wiki ya pili vijana wengine wanne walikuwa na rekodi ile ile, imehamishwa kutoka simu hadi simu. Kila shamba la nyasi likawa na spika, na mojawapo likawa na mbili zilizoelekeana. Mama mmoja aliye jirani na mto alilalamika kwamba mtoto wake mchanga halali.

Waiti wa Mzee walinyamaza. Walikuwa wanaitwa kutoka pande tano na madume wenye sauti kubwa kuliko yao, sauti zisizopumua. Usiku wa tatu wa kunyamaza kwao, Mzee alitoka nje akasimama. Mkewe alinisimulia kwamba alisikiliza kwa muda mrefu kisha akasema, "Huyo ni wangu. Namjua anavyokata mwisho."

Akaenda kwa liguru, yaani mzee wa kijiji, kushtaki wizi. Liguru akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: ndege yuko kwenye kitundu chake, sasa kilichoibwa ni kipi? Mzee akajibu kwamba ni sauti. Shauri likaahirishwa. Usiku wa kuamkia Jumapili mlingoti ulikatwa kwa panga. Hatukujua ni nani, na hadi leo hatujui. Hapo ndipo liguru alipoona mambo yanaelekea kumwaga damu, akatuita.

Jikoni kwa mama wa kijana

Nilikwenda kwanza kwa kijana, asubuhi, bila kutangaza. Nilimkuta mamake jikoni na karai la maji moto, akinyonyoa. Ndege walikuwa wengi, maana soko la siku ile lilikuwa limejaa kware na bei imeshuka, hivyo waliobaki walirudi nyumbani kuliwa. Alinipa kigoda, akaendelea na kazi.

Alimpasua mmoja kwa ncha ya kisu, akasita. Akamgeuza kuelekea mwanga wa mlango. Ndani, kando ya utumbo, kulikuwa na viini vya manjano vimepangana kama shanga, kikubwa kama punje ya harage hadi kidogo kama punje ya mtama. Chini yao kulikuwa na yai zima, lenye gamba tayari, rangi ya maziwa lenye madoa ya kahawia. Alilitoa kwa vidole viwili akaliweka kiganjani. Akapasua wa pili, kisha wa tatu. Kati ya majike kumi na wanne waliokuwa kwenye karai, kumi na mmoja walikuwa na viini vikubwa au mayai.

"Hawa wamebeba," alisema. Kijana alikuwa mlangoni. "Baba, mimi sipiki mzazi." Akaweka kisu chini, akafunika karai kwa sinia, akatoka kwenda kunawa.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya mazingira na sheria. Sikuyasema. Kijana alikaa kwenye kigoda cha mamake akalitazama lile yai, kisha akaniuliza, "Kumbe huwa wanataga huku kwetu? Mimi nilidhani wanapita tu."

Swali lile lilinishtua kuliko mayai yenyewe. Alikuwa amekamata mamia ya ndege bila kujua kwamba mashamba yale ndiyo nyumba yao ya uzazi. Alidhani ni wasafiri wasio na mwisho.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomwita afisa wa wanyamapori siku ile. Tulibishana usiku mzima ndani ya kamati. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba akija wakati watu wana hasira, kila mmoja atamtaja mwenziwe, vijana watano na mzee mmoja wataishia kituoni, na kuanzia hapo kware watategwa kimya kimya bila mtu kutuambia lolote. Tukasema tuzime spika kwanza, tumwendee afisa baadaye. Nililiunga mkono jambo hilo, na nusu yake bado ninaiamini.

Baraza lilifanyika chini ya mwembe wa liguru. Mama wa kijana alikuja na kile kiini na yai ndani ya kikombe cha bati, akakipitisha mkono kwa mkono. Wazee walipokiona hawakuhitaji kuelezwa. Spika zilikubaliwa kuzimwa jioni ile ile.

Ugumu ulikuja kwenye swali la mlingoti. Tulipendekeza utegaji wote usimame, wa spika na wa vitundu. Mzee alisimama. "Mimi nimekosa wapi? Mlingoti wangu umekatwa, sauti imechukuliwa, na sasa mnanifungia mlango pamoja nao." Tulimjibu kwamba kanuni yenye mtu wa kuachiwa hailindiki, na kwamba sheria ya nchi haitofautishi kitundu na spika. Yote mawili ni kweli. Lakini tuliyasema mbele za watu, bila kwenda kwake kwanza nyumbani, na alikaa chini bila kuongeza neno.

Tatu, tuliwaomba wenye mashamba matatu ya nyasi wasichome wala kulima kwa miezi miwili. Tulihesabu hivi: jike hutaga yai moja moja kwa siku, huatamia kama wiki mbili na nusu, halafu vifaranga wanahitaji wiki kadhaa kabla hawajaweza kukimbia jembe au moto. Na si majike wote wanaoanza siku moja. Wote watatu walikubali kwa mdomo.

Nne, tulimpa kijana kazi ya kuhesabu. Vituo sita kando ya njia ya mto, dakika tano kila kituo, kabla ya jua kuchomoza, aandike idadi ya madume anaowasikia wakiita. Tulimpa pesa kidogo ya mafuta kutoka mfuko wa kikundi. Tulimchagua kwa sababu alikuwa na sikio zuri kuliko sisi sote. Mtu anayejua kwamba rekodi ya intaneti si sauti ya kwao ni mtu wa kutunza.

Matokeo

Ndani ya siku mbili kijiji kilikuwa kimya usiku. Wiki moja baadaye spika zilianza kulia ng'ambo ya mto, kata nyingine, rekodi ile ile. Ukisimama ukingoni alfajiri ulimsikia mwiti wa Mzee akiita kutoka ng'ambo.

Wiki ya tatu tulimwendea afisa wa wanyamapori. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuambia waziwazi kwamba kutega ni kosa, kuwaweka waiti kwenye vitundu pia ni kosa, na kwamba alikuwa na swali moja: kwa nini tumekaa wiki tatu? Hakukamata mtu. Alikuja barazani, akaeleza sheria kwa lugha ya kawaida, akaeleza njia ya kuomba kibali kwa anayetaka kufuga ndege. Akasema habari za ng'ambo ya mto zingemfikia mapema, angeweza kufika huko kabla rekodi haijaenea.

Mzee aliwaachilia waiti wake siku iliyofuata. Walikuwa watano. Alivibeba vitundu hadi ukingo wa shamba la nyasi, akavifungua kimoja kimoja akiwa amechuchumaa. Wawili waliingia nyasini mara moja. Wawili walibaki kwenye mlango wa kitundu wakidonoa chini. Wa mwisho, yule wa juu kabisa ya mlingoti, alitembea hatua chache akasimama karibu na mguu wa Mzee, na Mzee hakusogea mpaka ndege alipojiondokea mwenyewe. Alfajiri yake mkewe alimsikia akiita nyuma ya zizi.

Wiki ya tano ndiyo iliyoniumiza. Nilipigiwa simu asubuhi kwamba kuna trekta katika shamba la pili. Tulipofika, nusu ilikuwa imegeuzwa, korongo na kunguru wakifuata mistari nyuma ya plau. Mwenye shamba alitukubalia kweli, lakini ndugu yake anayeishi Nairobi alikuwa amekwisha kulikodisha kwa mkulima wa miwa na kupokea pesa, na hakuna aliyemuuliza. Tulitembea kwenye tifutifu. Kijana aliinama akaokota gamba, kisha jingine. Tulipata viota vitatu vilivyopondwa kabla ya kuacha kutafuta. Kwenye sehemu isiyolimwa jike aliruka miguuni petu, akatua hatua ishirini mbele, akaburuta bawa ardhini kana kwamba limevunjika ili tumfuate yeye. Tulirudi nyuma tukamwomba dereva aache ukingo ule. Aliuacha, upana wa mita kumi hivi, na ninamshukuru.

Uchambuzi: gunia lililojaa

Kijana alikuwa na hoja ambayo wengi barazani waliiona nzito. Alisema, "Jana nilichukua sitini, leo nimechukua sitini. Kama wangekuwa wanaisha, leo ningepata thelathini." Inaonekana kama hesabu safi.

Nilimjibu kwa kumbikumbi, maana sote tumekua tukiwakinga. Usiku wa kumbikumbi ukiwasha taa na kuweka karai la maji, karai linajaa. Ukirudia kesho, linajaa tena. Hakuna anayesema taa imezaa kumbikumbi. Taa imewakusanya kutoka vichuguu vya kijiji kizima. Spika ilifanya hivyo hivyo kwa ndege wa anga yote iliyosikia sauti ile. Mavuno yalikuwa yanapima ukubwa wa sauti na wingi wa wapitaji wa usiku ule, hayakupima kware waliopo. Mtego wa kuvutia unaweza kujaa hadi karibu na siku ya mwisho. Ndiyo maana mtegaji, hata akiwa mkweli kabisa, ndiye anayechelewa kujua.

Kuna tofauti nyingine ambayo tulipaswa kuieleza vizuri zaidi kwa Mzee. Mlingoti ulikuwa na mipaka ndani yake. Dume huchoka. Upepo ukivuma hukaa kimya. Akiugua, haiti. Lazima alishwe mwaka mzima ili aite wiki chache, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na waiti hamsini. Spika haina lolote kati ya hayo, na inabebeka hadi mlangoni pa kiota. Hakuna aliyekaa chini kutunga kanuni za mlingoti; ugumu wa kazi yenyewe ulikuwa kanuni. Ugumu ulipoondoka, hakukuwa na kitu kingine cha kumzuia mtu, isipokuwa agizo la baba wa Mzee, nalo vijana hawakuwahi kuambiwa.

Uchambuzi: jike mmoja si ndege mmoja

Afisa alituuliza pia kwa nini tunahangaika, ikiwa kware huyu hajaorodheshwa duniani kama ndege aliye hatarini. Ni kweli hajaorodheshwa. Anapatikana kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, Madagaska na Arabuni. Lakini majike kumi na mmoja wa karai lile, kila mmoja akiwa na mayai manne hadi manane njiani, walikuwa vifaranga arobaini au zaidi ambao mvua ile iliwapangia nyasi zetu. Wingi wa bara zima hauwarudishi hao.

Katika mafunzo yetu sasa ninasimulia habari za ndege wa jamii pana ya kware na kwale, wale wa nchi za baridi waitwao grausi. Mashariki mwa Marekani kulikuwa na aina mmoja aliyeitwa heath hen. Waliwahi kuwapo tele, wakawindwa hadi wakabaki kisiwa kimoja tu, Martha's Vineyard. Mwaka 1908 wakatengewa hifadhi, wakaongezeka hadi kufikia kama elfu mbili. Kisha Mei 1916 moto ukapita kwenye nyasi, katikati ya msimu wa kuatamia. Majike hawakuondoka kwenye viota. Waliobaki walikuwa wachache, wengi wao madume. Zikafuata baridi kali, ndege wawindaji na ugonjwa, na wa mwisho kabisa alionekana mwaka 1932, dume peke yake.

Ninaisimulia kwa sababu moto ule haukuhitaji kudumu. Ulihitaji tu kufika wiki ile. Kwetu moto wa kusafisha shamba, plau na spika vyote hufika wiki ile ile, kwa kuwa mvua inayomleta kware ndiyo inayomleta mkulima.

Tulipokosea

Hatukuwa na hesabu ya kabla. Kijana alianza kuhesabu baada ya spika kuzimwa, hivyo hatuwezi kusema spika zilipunguza kware kwa kiasi gani. Msimu uliofuata alisikia madume wachache zaidi kwenye vituo vyote sita, lakini mvua pia zilichelewa, na ndege anayefuata mvua hawezi kupimwa kwa misimu miwili. Kikundi chochote chenye njia ya miguu na mtu mwenye sikio kianze kuhesabu kabla hakijawa na tatizo. Ni kazi ya dakika thelathini na daftari.

Tulilichelewesha jambo la sheria. Nusu ninayoiamini bado ni kwamba kuja na pingu siku ya kwanza kungeharibu. Nusu ninayoijutia ni wiki tatu. Tungeweza kumwendea afisa siku ya pili kuomba ushauri bila kutaja jina la mtu. Tulinyamaza pia miaka yote ya mlingoti, na ukimya ule ndio uliotufanya tuonekane wanafiki tulipoanza kutaja sheria.

Tuliongea na anayeishi kwenye shamba badala ya mwenye kauli juu yake. Magharibi huku ardhi nyingi bado ina jina la marehemu, na ndugu watano wana haki sawa. Neno la mmoja chini ya mwembe halimfungi mwingine aliye mjini.

Na Mzee. Yeye ndiye aliyekuwa na kanuni pekee ya uhifadhi pale kijijini, ameishika miaka hamsini, nasi tukamkalisha upande mmoja na spika. Tungemwendea kabla ya baraza, tungemwomba alisimulie lile agizo la babake yeye mwenyewe, mbele ya vijana. Nilikwenda kumwomba radhi miezi miwili baadaye. Mkewe alileta chai, tukazungumza habari za mvua, na tulipomaliza kikombe cha pili ndipo aliponiambia, "Ulikuja na sheria kabla ya salamu."

Kilichofaa kilikuwa lile yai kwenye kikombe cha bati, na kumpa kazi yule aliyeanzisha tatizo. Kijana hajakosa asubuhi zaidi ya tatu katika msimu mzima.

Hali ilivyo sasa

Mashamba mawili ya nyasi yamebaki. La kwanza tumeliandikia mapatano kwenye karatasi, na ndugu wote wametia sahihi, pamoja na aliye Nairobi, kwamba halitachomwa wala kulimwa kabla ya vifaranga kuruka. Badala yake kikundi kinawakatia nyasi za kuezekea na kuwapelekea hadi nyumbani. La pili bado linajadiliwa kati ya mama mjane na mashemeji zake.

Ng'ambo ya mto tuna kikao Jumamosi hii, pamoja na afisa. Kijana atakwenda, na amemwomba Mzee, akimwita kuka kwa maana ya babu, "Kuka, twende uwaeleze ile habari ya yai." Mzee amesema atakwenda, ila pikipiki iendeshwe polepole.